Honda Iliyokoma Kutengenezwa: Sikia Sifa, Kisha Ulizia Spea

Kila mpenda pikipiki ana Honda moja ambayo hajaisamehe kampuni kwa kuiacha. Bwana shamba mstaafu atakutajia XL125S, ile ya miguu mirefu iliyompandisha milimani masika na kiangazi. Fundi wa siku nyingi atakwambia kwamba mtu wa kawaida hajawahi kupata injini iliyoishinda CG125. Ndugu yako anayeishi Ujerumani atakuonyesha picha ya Africa Twin 750 na kukuapia kwamba ya sasa, pamoja na kompyuta zake zote, haiifikii.

Mazungumzo ya namna hii ni matamu, na mengi yaliyomo ni kweli. Tabu huanza pale msikilizaji anapoondoka na pesa mfukoni kwenda kutafuta pikipiki ambayo kiwanda kiliacha kuitoa yeye akiwa bado shule ya msingi. Miezi michache baadaye utaikuta nyuma ya nyumba, tairi zimeisha upepo, inasubiri spea ambayo kuna jamaa ataileta kutoka Dubai.

Makala haya ni ya huyo anayetaka kununua, na ya yule aliyeachiwa pikipiki na baba yake asijue aifufue au aiuze. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: thamani ya pikipiki iliyokoma iko kwa ndugu zake walio hai. Zikiwapo barabarani pikipiki nyingine zinazotumia spea zilezile, yako ni mali. Isipokuwa na ndugu, hata ingekuwa nzuri namna gani, umenunua kumbukumbu za mtu mwingine.

Imekoma wapi?

Watu husema "ile haitengenezwi tena" kana kwamba kiwanda ni kimoja. Honda ina viwanda katika nchi nyingi, na pikipiki inaweza kufutwa kwenye orodha ya nchi moja huku kwingine ikitoka kila siku.

Chukua CG125. Ilizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kwa kusudi maalumu. Honda ilikuwa imeona pikipiki zake za 125 zenye kamshafti juu ya silinda zikichakaa mapema katika nchi ambako mwenye chombo hupakia mzigo kupita kiasi, hupita kwenye vumbi, na hubadilisha oili siku akikumbuka. Wahandisi wakachora injini inayovumilia mambo hayo. Kiwanda cha Honda cha Manaus, katika Amazonia ya Brazil, kilipoanza kazi mwaka 1976, pikipiki yake ya kwanza ilikuwa CG125. Miaka iliyofuata hata CG zilizouzwa Ulaya zilitoka Brazil kwa muda mrefu, na kufikia 2009 CBF125 ikawa imeshika nafasi yake kwenye maduka ya huko.

Kwa Mwingereza, basi, CG ilikwisha zamani. Kwa Mpakistani haijakwisha: kampuni ya Atlas Honda imeendelea kuiunda ikiwa na injini ya umbo lilelile. Brazil nako jina lipo kwenye CG 160, ila ndani ni injini nyingine kabisa, kwa sababu CG za Brazil za karne hii zilihamia kwenye kamshafti ya juu. Kwa hiyo mtu akikuuzia "CG", bado hujajua umeuziwa nini mpaka uambiwe ya mwaka gani na ya kiwanda gani.

Upande wa China ndiko kunakotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Viwanda vya huko viliiga injini ya CG kwa wingi, kwanza 125, kisha 150 na zaidi. Bodaboda nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania, Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000 zina injini ya ukoo huo. Ukiona kwenye injini imegongwa 156FMI, hiyo ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56, ya kupozwa kwa upepo, ya kundi la 125; 162FMJ ni ya kundi la 150. Namba hizo hutaja ukubwa tu, hazitaji ukoo, maana injini zenye kamshafti ya juu nazo hugongwa hivyohivyo. Muulize fundi swali moja: ina pushrodi au ina cheni ya taimingi? Yenye pushrodi ni binamu wa CG.

Hiyo ndiyo sababu CG ya mwaka 1988 inaweza kuwa rahisi kuitunza kuliko pikipiki ya mwaka 2012 ambayo hakuna mwingine mtaani anayo.

Iliachwa kwa nini?

Swali la pili linasahaulika sana, na jibu lake linakusaidia kubashiri spea.

Pikipiki nyingi zilizopendwa ziliuawa na sheria za moshi. Ulaya ilikaza masharti kwa hatua: Euro 3 mwaka 2006, Euro 4 kuanzia 2016, Euro 5 kuanzia 2020. India ikafanya vivyo hivyo Aprili 2020. Injini ya kabureta iliyochorwa miaka arobaini nyuma haipiti kwenye vipimo hivyo bila kutiwa vifaa vinavyoipandisha bei isiuzike. Hata Super Cub ya 50, ya ukoo ulioanza mwaka 1958 na kuvuka pikipiki milioni 100 mwaka 2017, Honda ilitangaza kuacha kuitengeneza Japani mwaka 2025 kwa ajili ya kanuni mpya za moshi.

Nyingine ziliachwa kwa sababu hazikununuliwa. Zilikuwa ghali, au zilikuja wakati mbaya, au watu hawakuzielewa. Wapenzi wa pikipiki huzipenda hizi pia, pengine kuliko zote, kwa kuwa ni adimu.

Kwa mnunuzi, tofauti ya makundi haya mawili ni kubwa. Iliyouzwa kwa mamilioni ikaja kufungwa na sheria imeacha nyuma yake maghala yaliyojaa, watengenezaji wa spea wasio Honda, na mafundi wanaoijua wakiwa wamefumba macho. Iliyokosa wateja haikuacha kitu. Uadimu ni sifa kwa mwenye kukusanya na ni mzigo kwa mwenye kuendesha.

Anayesifu ni nani?

Kabla hujaibeba sifa, mtazame msemaji.

Yule bwana shamba wa XL hadanganyi. Lakini kumbuka pikipiki ile ilikuwa ya mradi. Oili ilibadilishwa kwa ratiba, kulikuwa na fundi wa mradi, na stoo ilikuwa na spea zilizokuja pamoja na pikipiki zenyewe. Anachokisifu ni XL pamoja na ile stoo. Wewe unauziwa XL peke yake.

Fundi naye husifu kinachofunguka kwa urahisi na alichokizoea. Ni shahidi mzuri ukimuuliza vizuri. Usimuulize "hii ni nzuri?" Muulize, "Fundi, mara ya mwisho kuifungua ya namna hii ilikuwa lini, na ringi ulizipata wapi?" Akitaja duka, umepata habari. Akianza kusimulia enzi za Mwalimu, umepata hadithi.

Mpenzi wa Ulaya au Marekani anaendesha Jumapili, kwenye lami, na anaagiza spea kutoka maghala ya Uholanzi au Marekani zikamfikia mlangoni. Maneno yake kuhusu uimara wa injini yachukue. Maneno yake kuhusu "spea zipo tele" yapime upya kwa nauli, ushuru na muda wa kusubiri hadi Mwanza au Eldoret.

Muuzaji hana haja ya maelezo. "Kaka, hii Japani tupu, hata boliti haijaguswa." Kizuri chajiuza.

Na kuna sauti ambayo hatuisikii kabisa. Pikipiki tunazoziona leo zikiwa na miaka thelathini na bado zinatembea ni zile zilizobahatika kupata watunzaji wazuri. Zilizokufa zikiwa na miaka mitano hazina msemaji. Ukisikia "za zamani hazifi", jua kwamba unahesabu zilizobaki tu.

Vivyo hivyo na ule usemi kwamba za zamani ni chuma na za siku hizi ni plastiki. Bodi ya chuma ni kweli inanyooshwa kwa nyundo, nayo plastiki ikipasuka imepasuka. Lakini chuma hicho hula kutu, na uimara wa madigadi haukusaidii lolote kwenye breki. CG za zamani zilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma, na zile za mwanzo zilikuwa za volti 6, taa yake usiku ni ya kukuonyesha kwa wengine kuliko kukuonyesha wewe njia. Kama safari zako ni za usiku kwenye barabara kuu yenye malori, hili lipime kabla ya sifa zote.

Injini mbili, mashauri mawili

CG125 na XL125S husifiwa kwa pumzi moja, na zote zinastahili. Ukizifungua utaona kwa nini ushauri wake hauwezi kuwa mmoja.

Katika XL125S kamshafti iko juu, ndani ya silinda hedi, nayo huzungushwa na cheni. Kwenye ukoo huu wa injini ndogo za Honda kamshafti inazunguka moja kwa moja juu ya aluminiamu ya hedi. Hakuna beringi wala bushi katikati. Kinachozitenganisha ni utando wa oili tu. Oili ikipungua au ikizeeka, aluminiamu huanza kulika, kamshafti hupata nafasi ya kucheza, na mlio wa kugonga husikika juu ya injini. Ikifika hapo, kubadilisha kamshafti peke yake ni kupoteza pesa. Unahitaji hedi nyingine, au fundi mashine hodari wa kuchonga na kutia bushi. Kwa hiyo unapokagua XL, fedha zako zote ziko kwenye hedi. Mwambie muuzaji afungue vifuniko vya valvu, shika kamshafti kwa kupitia rokasi uone kama ina mchezo wa juu na chini. Akikataa kufungua, usibishane naye, ondoka.

Katika CG ya asili kamshafti iko chini, jirani na kranki, inaendeshwa na gia, na pushrodi mbili hupanda kuisukuma rokasi ya kila valvu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Kamshafti inaishi mahali ambapo oili hurushwa muda wote. Hata cheni ya nyuma walikuwa wameifunika nzima ili vumbi na matope visiifikie. Ndiyo maana injini hii ikamsamehe mtu aliyechelewa kubadilisha oili.

Msamaha huo una mpaka. CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya, na ina kikombe cha chuma kwenye ncha ya kranki ambacho kikizunguka hurusha uchafu pembeni na kuushikilia. Kikombe hicho kisiposafishwa miaka kumi hujaa tope gumu, na oili hukosa njia. Ukinunua CG ya zamani, kazi ya kwanza, kabla hata ya kupaka rangi, ni kufungua kava la upande wa klachi, kukisafisha kikombe na chujio, na kuweka oili mpya. Inameza takriban lita moja tu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha bei. Badilisha kila kilomita 1,500, na mapema zaidi kama unapakia mzigo.

Kuna jambo lingine la CG ambalo wengi hulikosea. Injini hii ina mlio wa tik-tik unaotoka kwenye valvu, na ni mlio wa afya. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Wapo wenye pikipiki wanaouchukia mlio ule, wakamwambia fundi akaze mpaka unyamaze. Fundi anakaza, injini inakuwa kimya kama mpya, mwenye mali anafurahi. Sasa injini ikipata moto, vyuma vinatanuka na valvu haifungi hadi mwisho. Gesi ya moto hupenya, valvu ya ekzosi huungua kingo, na baada ya muda asubuhi unapiga kiki hadi unavua koti. Ukiletewa CG isiyosikika kabisa, shuku. Mpe fundi fila geji apime mbele yako. Ni kazi ya robo saa.

Jaribio la spea saba

Hapa ndipo penye kiini cha ushauri wangu, na jaribio hili haligharimu zaidi ya nauli ya daladala.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, andika kwenye karatasi spea saba za pikipiki unayoitaka: pistoni na ringi zake, pamoja na saizi za kuzidi za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, seti ya gasketi, sahani za klachi, kamshafti na rokasi, CDI au koili ya chaji, kabureta, na kitu kimoja cha mwilini kama tanki au taa ya mbele. Nenda nayo kwenye maduka matatu yasiyo ya mtu mmoja. Kwa wa Dar es Salaam ni Kariakoo, wa Nairobi ni Kirinyaga Road, wa Kampala ni soko la Kisekka. Swali lako lisiwe "inapatikana?" maana jibu la muuza duka kwa swali hilo ni ndiyo siku zote. Uliza, "Unayo sasa hivi niishike?"

Spea tano au zaidi ukizishika mkononi katika maduka mawili, nunua bila hofu. Ukipata tatu au nne, nunua endapo tu pikipiki ni nzima na kuna nyingine mbovu ya aina hiyohiyo unayoweza kuichukua kwa bei ya chuma chakavu iwe stoo yako. Ukipata chini ya tatu, piga nayo picha, mshukuru mwenye mali, uende zako.

Zipo spea ambazo hazipaswi kukutisha kwa sababu si za Honda peke yake. Beringi huandikwa namba ya kimataifa ubavuni: 6301 ni tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 37 na unene 12, iwe imetoka Japani au kwingineko. Cheni ya CG ni 428, ileile ya bodaboda nyingi. Plagi yake ni ya aina ya D8EA, na mabinamu zake wa Kichina huitumia hiyohiyo. Tairi ni saizi tu. Mtu akikwambia "beringi za hii huzipati", mwambie aitoe, asome namba, akatafute namba hiyo na si jina la pikipiki.

Kwa spea za Honda zenyewe, jifunze kusoma namba zake. Spea nyingi zina tarakimu tano za mwanzo zinazotaja ni kitu gani, alama tatu za katikati zinazotaja pikipiki ambayo spea hiyo ilichorwa kwa ajili yake mara ya kwanza, na mwisho tarakimu za marekebisho. Alama hizo za katikati ni hazina. Ukikuta gasketi ya pikipiki yako ina alama za katikati za pikipiki nyingine, maana yake Honda yenyewe ilikuwa inaazima, na unaweza kwenda dukani kuulizia spea ya hiyo nyingine. Vitabu vya orodha ya spea, ambamo kila kifaa huchorwa kikiwa kimetawanywa, vinapatikana mtandaoni bure kwa Honda nyingi za zamani. Pakua cha kwako kabla ya kununua.

Na za Kichina je, zinaingia? Kwenye CG nyingi huingia, ila usikubali kwa neno tu. Nenda na spea ya zamani mkononi na vernia kalipa. Pima kipenyo cha pistoni, kipenyo cha pini, na kimo kutoka pini hadi kichwani, maana pistoni mbili zinaweza kulingana kipenyo zikatofautiana kimo, na hapo valvu hukutana na pistoni. Vinavyofanya kazi kwa jozi, kama gia ya kamshafti na mwenzake wa kwenye kranki, au cheni na sproketi, vinunue kwa jozi. Kipya kikiungwa na kilicholika, kipya ndicho kitakacholika haraka.

Karatasi kabla ya kiki

Pikipiki ya zamani huja na historia, na historia hiyo nyingine ni ya kikodi.

XL nyingi na CG nyingi ziliingia nchini kwa miradi, mashirika na idara. Chombo kilichoingizwa kwa msamaha wa kodi hakihamishwi kwenda kwa mtu binafsi mpaka kodi imalizwe. Ukiambiwa ilikuwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili) au za serikali, dai hati ya kuuzwa, iwe ya mnada au ya shirika, na uthibitisho wa kodi, kabla ya kuzungumza bei. Tanzania, kadi ya usajili yenye namba za MC isome pamoja na muuzaji mkiwa mbele ya pikipiki; Kenya, mmiliki wa kwenye kumbukumbu za mamlaka ya usafiri, NTSA, awe ndiye huyo anayepokea pesa, au awe na maandishi ya aliyemtuma.

Kisha tafuta namba mbili. Ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Ya injini iko chini upande wa kushoto. Futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, usome mwenyewe. Kwa zenye namba ya herufi na tarakimu 17, mwanzo wake unataja kiwanda: JH2 ni Honda ya Japani, 9C2 ni ya Brazil. "Japani tupu" inayoanza na 9C2 imezaliwa Manaus. Hakuna ubaya wowote kwa hilo, maana CG za Brazil zina heshima yake, ila umeshajua muuzaji wako ni mtu wa namna gani. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya kwa herufi zisizolingana haina bei ya kuifaa. Hata akikuachia bure, itakupeleka polisi.

Injini iliyobadilishwa si kosa, mradi imeandikwa. Pikipiki ya mwaka 1985 yenye injini ya mwaka 2009 inaweza kukuhudumia vizuri. Kosa ni kadi kusema namba moja na chuma kusema nyingine.

Ikague asubuhi

Mwambie muuzaji utakuja alfajiri na asiiwashe. Injini ikiwa baridi haiwezi kuficha mengi. Weka mkono kwenye silinda kabla ya kiki ya kwanza; ikiwa ya moto, imeshaandaliwa kwa ajili yako. Ikishawaka, tazama ekzosi. Moshi wa bluu sekunde chache za mwanzo na kisha ukakoma ni sili za valvu, kazi ndogo. Moshi wa bluu unaozidi kila ukivuta mafuta ni ringi na silinda, na hapo ndipo unaposhukuru kwamba ulishauliza zile saizi za kuzidi. Uliza silinda imeshapanuliwa mara ngapi: iliyofika 1.00 imefika mwisho, kinachofuata ni kutiwa sleevu au kununua nyingine.

Isimamishe kwa stendi kubwa, shika uma wa mbele uutikise kwenda na kurudi. Mgongano shingoni ni beringi za usukani. Zungusha gurudumu la nyuma ukitazama cheni. Ikikaza mahali na kulegea mahali, imekwisha pamoja na sproketi. Fungua mfuniko wa tanki, mulika ndani kwa simu. Kutu ya tanki ndiyo inayoziba kabureta kila wiki, na tanki la Honda iliyokoma ndiyo spea ngumu kuliko zote, kwa sababu binamu wa Kichina huiga injini, haigi mwili.

Jina likirudi

Wapenzi wa pikipiki wana matumaini yasiyokufa: kampuni itairudisha. Na mara nyingine hurudisha. Africa Twin ya 750 iliishia 2003, jina likarudi mwaka 2016 na CRF1000L. Transalp, iliyoanza miaka ya 1980 ikiwa na injini ya 583, imerudi ikiwa XL750. Super Cub ikapewa C125 mwaka 2018.

Yapokee marejeo haya kama pongezi kwa ya zamani, usiyapokee kama stoo yake. Africa Twin ya kale ina silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, 742 kwa ukubwa. Iliyorudi 2016 ina silinda mbili sambamba, 998. Transalp nayo imeacha V ikaenda sambamba. Kilichohamia kwenye mpya ni jina, rangi na ndoto ya safari. Spea za injini hazihamiani. Mtu akikwambia ununue ya zamani "kwa sababu imerudi, spea zitajaa", muulize ni spea ipi.

Kinachofaa kujifunza kwa wamiliki wa Africa Twin 750 ni nidhamu yao. Wanajua udhaifu wa chombo chao kwa majina: pampu ya petroli na rektifaya. Wanaovuka bara kutoka Cairo kwenda Cape Town kwa pikipiki hizo huvibeba vyote viwili kwenye begi, wakijua vitakufa siku isiyotarajiwa. Huo ndio upendo wenye akili. Mwenye XL afanye hivyo kwa cheni ya taimingi na gasketi za hedi; mwenye CG ya CDI abebe CDI ya akiba, haizidi ukubwa wa kiberiti kwa mbali.

Nani anunue, nani aache

Kama pikipiki ndiyo itakayolisha watoto wako, yaani bodaboda au mzigo wa kila siku, usinunue iliyokoma isipokuwa CG ya volti 12 iliyofaulu jaribio la spea saba. Siku moja ya kusimama gereji ni siku ya njaa, na sifa za wazee hazilipi hesabu ya bosi.

Kama una shamba, njia mbaya, na muda wa kusubiri, XL yenye hedi nzima ni chombo kizuri. Nunua na mwenzake mbovu wa kutolea spea, wala usiruke siku ya oili.

Kama una kazi nyingine inayokupa kula na moyo wako umeipenda Africa Twin au Honda nyingine adimu, nunua ukijua unanunua mapenzi. Tenga pembeni theluthi ya bei uliyonunulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Usipoweza kutenga, bado huimudu.

Na kama uliachiwa na baba, usikimbilie kupaka rangi. Anza na kadi, hamisha umiliki, kisha fungua injini, kisha breki na tairi, kisha umeme. Rangi iwe ya mwisho; nimeona nyingi zilizong'aa zikakwama palepale kwa sababu pesa iliisha kabla ya pistoni.

Mwisho, anzisha daftari. Andika kilomita, tarehe ya oili, namba ya kila spea uliyoweka na duka ulilonunua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa pikipiki iliyokoma daftari hilo ni nusu ya bei yake siku utakapouza. Mnunuzi wako atakuja na sifa alizozisikia kwa wengine. Wewe utampa orodha ya spea zinazoingia na mahali zinapouzwa. Hiyo ndiyo sifa pekee inayomfikisha nyumbani.